Unameza Nini, na Ulimeza Lini?

Karatasi ya kuombea vipimo katika hospitali niliyofanyia kazi kwa muda mrefu, huku kwetu kwenye majani chai kati ya Kericho na Bomet, ilikuwa na nafasi ya jina, umri, wadi, kipimo kinachotakiwa na sahihi ya daktari. Chini kabisa, kwenye ukingo ambao mashine ya kunakili ilikuwa ikiumeza kidogo kidogo kila nakala mpya ilipotolewa, palikuwa na mstari mfupi: "Dawa anazotumia." Mstari huo ulifika maabara ukiwa mtupu, siku nenda siku rudi. Kwa kupima malaria, si hoja. Kwa kupima choo, si hoja. Lakini ukiniletea damu unitake nikwambie inaganda kwa muda gani, na hukuniambia mgonjwa anameza nini, umenipa swali nusu, nami nitakurudishia jibu linaloonekana zima.

Kipimo cha PT nilijifunza kwa mkono, kabla mashine hazijafika kwetu. Damu huchukuliwa kwenye chupa ya kifuniko cha buluu, yenye sitreti ndani. Sitreti huikamata kalisiamu, na pasipo kalisiamu damu haigandi. Unaizungusha kwenye sentrifuji hadi chembe zizame na juu ibaki plazma ya manjano hafifu. Unaipasha joto hadi nyuzi 37, joto la mwili. Kisha unatia kianzishi, ambacho zamani kilitengenezwa kwa ubongo wa sungura, pamoja na kalisiamu ya kufidia ile iliyokamatwa, na papo hapo unabonyeza saa. Unakiinamisha kijibomba cha kioo mbele ya taa, unakiinua, unakiinamisha tena. Majimaji yanateleza, yanateleza, halafu ghafla yanasita: uzi mwembamba wa fibrini umejivuta ubavuni mwa kioo. Unabonyeza saa tena. Kwa mtu mzima asiye na shida wala dawa, huwa ni kama sekunde 11 hadi 14. Utaratibu huu aliubuni Mmarekani Armand Quick mwaka 1935, na mashine za leo, pamoja na taa zake na skrini zake, bado zinausubiri uzi ule ule.

Ana nduguye, APTT, anayetumia kianzishi kingine na kupitia njia nyingine ya kuganda, na huchukua sekunde 25 hadi 35 hivi, kutegemea maabara. Wote wawili wanahesabu sekunde, basi. Hawajui kama uzi umechelewa kwa sababu ini limeharibika, kwa sababu mtoto amezaliwa na upungufu, au kwa sababu mzee alimeza kidonge jana saa mbili usiku. Hayo inabidi mtu ayaseme kwa mdomo wake.

Kidonge cha kuchelewesha damu kuganda kinachotawala huku kwetu ni warfarini. Asili yake inajulikana: miaka ya 1920 ng'ombe wa nyanda za Kanada na kaskazini mwa Marekani walikuwa wakifa kwa kutokwa damu baada ya kula majani makavu yaliyoota ukungu, mwanakemia Karl Link wa Wisconsin na wenzake wakaitoa kemikali iliyohusika, na kutoka hapo ikaundwa warfarini, ikauzwa kwanza kama sumu ya panya mwaka 1948. Muda si muda ikawa dawa ya binadamu. Rais Eisenhower wa Marekani aliitumia baada ya mshtuko wa moyo mwaka 1955. Wagonjwa wetu wengi wanajua habari ya panya. Kwa kawaida huletewa nyumbani na kijana mwenye simu, na wiki inayofuata tunaona kwenye matokeo nani ameacha dawa.

Na kwa nini iwe huku? Kwa sababu ya makoo ya watoto. Mtoto anaumwa koo kwa bakteria aina ya streptokoki, hatibiwi, au anatibiwa nusu. Kinga ya mwili wake inachanganyikiwa, inaushambulia moyo wake mwenyewe, na miaka kadhaa baadaye vali zimekakamaa. Ndio ugonjwa wa moyo wa rumatiki, na hupenda nyumba zilizobanana. Mtu aliyewahi kuingia kwenye nyumba za kambi za mashamba ya chai, chumba kimoja na familia nzima, mvua ya alasiri ikiwafungia wote ndani, hahitaji kuchorewa grafu. Hospitali ya Tenwek, iliyoanzishwa na wamisionari nje kidogo ya Bomet mwaka 1937, imekuwa ikipasua mioyo ya namna hiyo kwa miaka mingi, na siku hizi ina kituo kizima cha moyo na kifua. Anayewekewa vali ya chuma hurudi kwao na maisha mapya pamoja na kidonge cha kumeza kila siku hadi mwisho wake. Kuna pia wenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, na wenye damu iliyoganda mguuni au mapafuni. Hao wote siku ya kliniki wanapanga foleni dirishani petu, mikono imekunjuliwa.

Warfarini haiigusi damu yenyewe. Inaenda kwenye ini na kuizuia vitamini K isifanye kazi yake, na pasipo vitamini K ini haliwezi kukamilisha protini nne za kugandisha damu: namba II, VII, IX na X. Namba VII hupungua kwanza, kwa kuwa maisha yake ni saa chache tu. Namba II hukaa siku kadhaa. Hapa pana mtego ambao nimeona ukiwanasa hata madaktari wazuri. Mgonjwa ameanza dawa juzi, PT yake tayari imerefuka, namba inapendeza, na mtu anataka kumwachisha sindano za heparini, dawa nyingine ya kuzuia damu isigande, ampeleke nyumbani. Kipimo kinasema kweli kuhusu namba VII. Namba II bado imejaa tele na damu bado inaweza kuganda vizuri sana, pale pale isipotakiwa.

Sekunde peke yake zilileta taabu, maana kila kiwanda kilitengeneza kianzishi chenye ukali wake. Sekunde 20 za Kericho hazikuwa sekunde 20 za Nairobi. Ndipo mwanzoni mwa miaka ya 1980 Shirika la Afya Duniani likapitisha INR, namba inayopatikana kwa kugawanya sekunde za mgonjwa kwa sekunde za kawaida na kisha kurekebisha kwa tarakimu iliyoandikwa kwenye pakiti ya kianzishi. Mtu asiyetumia warfarini huwa na INR ya 1 hivi. Wengi wanaoitumia hulengwa 2 hadi 3, na mwenye vali ya chuma upande wa mitrali hulengwa 2.5 hadi 3.5.

Tarakimu ile ya kwenye pakiti ndiyo ya kuogopa. Ikija pakiti mpya ni lazima mtu akumbuke kuibadilisha kwenye mashine. Katika kituo kimoja ambacho sitakitaja, waliletewa kianzishi kipya na hakuna aliyeibadilisha. Wiki ile kila mgonjwa wa warfarini alionekana damu yake imekuwa nyepesi kupita kiasi. Wakapunguziwa vidonge mmoja baada ya mwingine. Aliyeshtukia ni muuguzi wa kliniki, mama mmoja wa makamo asiyeaminiaminia mambo, ambaye alisema watu wa Sotik, wa Litein na wa Londiani hawawezi wote kuacha kula mboga wiki moja.

Mboga, naam. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiyo sehemu ya kazi yangu niliyoipenda. Vitamini K imo kwa wingi kwenye sukuma wiki, managu, saga, kunde, kila jani la kijani kibichi tunalolisindikizia ugali. Ukila nyingi ghafla, warfarini inazidiwa na INR inashuka. Ukiziacha ghafla, INR inapanda. Januari na Februari kukikauka na bustani zikanyauka, nilikuwa naona namba zikipanda. Mvua ikirudi na managu yakaota hadi kando ya choo, zinashuka. Kuna wagonjwa walioambiwa na mtu fulani waache mboga kabisa. Kogo mmoja, yaani bibi, kutoka upande wa Silibwet aliniuliza huku nikimfunga mpira mkononi:

"Daktari, wamesema nisile mboga. Sasa ugali nitaulia nini?"

Wagonjwa wetu humwita daktari kila mwenye koti jeupe, na nilikwisha kuacha kubisha. "Kogo, kula mboga zako. Ila usile sufuria nzima leo, halafu ukae wiki mbili bila. Kiasi kile kile, siku zote."

"Na chai?"

"Kunywa."

"Hata ya majani yetu?"

Swali halikuwa la kipuuzi. Jani la chai kavu lina vitamini K ya kutosha, lakini vitamini hiyo huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji, kwa hiyo karibu yote hubaki kwenye kichujio. Nilimweleza hivyo. Akacheka, akasema basi miaka yote ile kampuni ilikuwa inawauzia Wazungu maji ya rangi tu.

Dawa nyingine ni adui wa kimya kuliko mboga. Septrini, ambayo wengi wanaoishi na virusi vya UKIMWI huimeza kila siku, hupandisha INR. Flajili hupandisha, na dawa za fangasi kama flukonazoli pia. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume: hulifanya ini liimalize warfarini upesi hadi unaongeza vidonge na bado namba imelala chini, na siku mgonjwa anapomaliza matibabu ya kifua kikuu, asipofuatiliwa, namba inaruka. Panadoli zikimezwa mfululizo kwa siku nyingi nazo hupandisha. Aspirini ni ya ajabu: mara nyingi haisogezi INR, maana inashughulika na chembe sahani na si protini, lakini inamwongezea mtu hatari ya kutoka damu. Namba ni nzuri, mgonjwa anatapika damu. Halafu kuna dawa za mitishamba, ambazo hakuna anayezitaja ukiuliza "dawa gani unatumia", kwa kuwa kwake hizo si dawa za hospitali. Nilijifunza kuuliza, "Na za nyumbani?" Hapo huanza kutajwa.

Eldoret, katika hospitali ya rufaa ya Moi, kazi ya kuuliza maswali haya waliwapa wafamasia. Walianzisha kliniki yao ya wagonjwa wa warfarini, wakapima, wakauliza, wakarekebisha dozi, na mwaka 2011 wakachapisha matokeo yao kwenye jarida la kimataifa la wataalamu wa damu. Sioni kwa nini kila kaunti isiwe na chumba kama hicho. Kinachohitajika zaidi ni mtu mwenye subira na daftari.

Chupa nayo ina mambo yake. Sehemu tisa za damu kwa sehemu moja ya sitreti, hiyo ni sheria. Chupa ikija nusu, sitreti inabaki nyingi, inaikamata hata kalisiamu ninayoiongeza, na sekunde zinarefuka bila mgonjwa kumeza chochote. Hivyo hivyo kwa watoto wenye tundu la moyo walio na midomo ya samawati: damu yao imejaa chembe nyekundu hadi plazma imekuwa haba, kwa hiyo hata chupa iliyojaa hadi mstari ina sitreti nyingi kuliko inavyostahili, na inabidi ipunguzwe kabla ya kumchoma. Na kuna lile sanduku la barafu. Zahanati za mashambani hutuma sampuli kwa bodaboda, na muuguzi mwenye nia njema huiweka chupa ya buluu pamoja na chanjo kwenye baridi. Baridi huiamsha namba VII ndani ya chupa, na PT inaweza kuja fupi kuliko ukweli. Mgonjwa wa warfarini akaonekana hajameza, akaongezewa. Sampuli ya PT hukaa salama kwenye joto la kawaida la chumba hadi saa 24. Sisi wa Kericho tumejaliwa, joto letu la kawaida ni la chumba kweli.

Heparini ni kisa kingine. Iligunduliwa mwaka 1916 na Jay McLean, aliyekuwa bado mwanafunzi wa udaktari huko Baltimore, na leo hutolewa kwenye utumbo wa nguruwe, jambo ambalo wagonjwa Waislamu wana haki ya kuambiwa. Hufanya kazi papo hapo, ndani ya damu yenyewe, na hurefusha APTT. Kwa mgonjwa aliyewekewa dripu ya heparini, hiyo APTT ndiyo hutumika kupima kama dozi inatosha. Shida huanza pale heparini isiyotarajiwa inapoingia kwenye chupa. Usiku mmoja niliwekewa sampuli ya mwanamume aliyekuwa aende upasuaji asubuhi. PT yake ilikuwa safi. APTT nikaisubiri hadi sekunde zikapita 100 na zaidi. Hapakuwa na uzi. Nikarudia. Hapakuwa na uzi. Wadi ilipopigiwa simu ilianza kuzungumza habari ya kuyeyusha plazma na kumwongezea, na daktari wa zamu alikuwa anauliza kama kuna mtu wa ukoo mwenye ugonjwa wa kutokwa damu.

PT safi na APTT isiyoisha: ukiona hivyo, kabla ya kumtafutia mgonjwa ugonjwa wa ukoo, tafuta heparini. Viwanda vingi hutia kwenye kianzishi cha PT kitu cha kuizima heparini kidogo, ndiyo maana PT haikustuka. Nikauliza damu ilitolewa wapi. Muuguzi, ambaye alikuwa na wagonjwa wengi kuliko mikono yake, alisema aliivuta kwenye kanula, ili asimchome mzee tena. Kanula ilikuwa imesafishwa kwa heparini isizibe. Nikaomba damu ya mkono wa pili, kwa sindano mpya. Sekunde 31. Mzee akalala, plazma ikabaki kwenye friza, na asubuhi akaenda upasuaji kama ilivyopangwa. Sindano za heparini nyepesi kama enoksaparini, ambazo siku hizi ndizo nyingi, ni kinyume: mgonjwa yumo kwenye dozi kamili na APTT inaweza kuja karibu ya kawaida. Anayedhani APTT ya kawaida ina maana ya kutochomwa kitu amekosea njia.

Lakini kisa ninachokisimulia kila ninapopewa wanafunzi wa mafunzo ya kazini ni cha mchuma chai mmoja, binti wa miaka ishirini na kitu. Alijifungua, na wiki chache baadaye mguu wa kushoto ukavimba na kuuma. Damu ilikuwa imeganda kwenye mshipa. Akaanzishiwa sindano na warfarini, sawasawa kabisa. Mtu fulani, mahali fulani, kwa kutaka kufanya kazi kamili, akaagiza vipimo vyote vya kutafuta chanzo cha kurithi: protini C, protini S, antithrombini, na kingamwili ya lupasi. Kwetu hatukuwa navyo. Sampuli ikaenda Nairobi, na familia ikauza ndama kulipia.

Majibu yakarudi mabaya. Protini C chini, protini S chini, na kingamwili ya lupasi ikaonekana ipo. Binti akaambiwa ana ugonjwa wa damu wa ukoo. Dada zake wakaambiwa wasitumie vidonge vya kupanga uzazi. Mmoja wao alikuwa ameshaposwa, na watu wa upande wa mume wakaanza kuuliza maswali yenye mkato. Mama yao mzazi alikumbuka kwamba shangazi yake alikufa ghafla zamani, na habari ikapata mizizi. Ilipotufikia, jina lake kambini lilikuwa damu mbaya.

Aliniletea karatasi mwenyewe, imekunjwa ndani ya kitabu cha kliniki ya mtoto. Nikatazama tarehe. Sampuli ilichukuliwa akiwa tayari ana wiki kadhaa kwenye warfarini. Protini C na protini S, zinazoizuia damu isigande ovyo, nazo hutengenezwa na ini kwa vitamini K. Warfarini huzishusha pamoja na zile nyingine. Ndiyo kazi yake. Protini S hushuka pia wakati wa ujauzito na huchukua muda kurudi baada ya kujifungua. Kuganda kwenyewe, kukiwa kubichi, hula sehemu ya protini hizo. Vipimo vya lupasi hutegemea sekunde za kuganda, na mtu aliye kwenye warfarini au heparini anaweza kuonekana anayo hali hana. Kila namba kwenye ile karatasi ilikuwa na maelezo mengine, na mstari wa dawa ulikuwa mtupu.

Nilimwandikia daktari wake barua. Alikuwa mtu muungwana. Aliisoma, akanipigia, tukakubaliana. Binti alimaliza miezi yake ya matibabu, warfarini ikasimamishwa, tukangoja wiki kadhaa zaidi ili ini lijaze tena ghala lake, ndipo damu ikatumwa upya. Protini C ya kawaida. Protini S ya kawaida. Lupasi hakuna. Alipewa karatasi mpya, akaenda nayo kambini. Kuhusu ndoa ya dada yake, nilisikia ilifungwa, ila baada ya mahari kujadiliwa upya na upande mmoja kudai punguzo. Hakuna maabara inayoweza kurekebisha hilo.

Sasa zimekuja dawa mpya, rivaroksabani, apiksabani na dabigatrani, ambazo hazihitaji kupimwa kila mwezi wala hazigombani na sukuma wiki. Hazipiti kwenye vitamini K. Kila moja inamkamata mhusika mmoja moja kwa moja, mbili za kwanza namba X iliyoamshwa, ya tatu thrombini. Kwa watu wengi ni nafuu kubwa. Kwangu zimeleta upofu mpya. Rivaroksabani inaweza kurefusha PT kwa kianzishi kimoja na kutoigusa sana kwa kingine. Apiksabani mara nyingi haiigusi kabisa, na mtu akiwa amejaa dawa PT yake inakuja safi. Dabigatrani huonekana zaidi kwenye APTT, na kwenye kipimo cha thrombini hata kiasi kidogo huufanya uzi usitokee. INR haikutengenezwa kwa ajili ya hata moja kati yake. Saa ya kumeza nayo imekuwa muhimu ajabu: damu ya saa tatu baada ya kidonge na damu ya kabla ya kidonge kinachofuata ni kama za watu wawili. Mtu anapopelekwa upasuaji wa dharura, PT ya kawaida haimaanishi kwamba hana dawa mwilini. Kuipima dawa yenyewe kunahitaji vifaa ambavyo maabara nyingi za kaunti hazina, kwa hiyo kipimo bora tulicho nacho ni kumuuliza mgonjwa, au mkewe, au kupekua mfuko wa koti lake.

Na si za kila mtu. Jaribio la dabigatrani kwa wenye vali za chuma lilisimamishwa kabla ya wakati, matokeo yakachapishwa mwaka 2013: waliopewa dabigatrani waliganda damu zaidi na kutoka damu zaidi. Mwaka 2022 ukachapishwa utafiti wa INVICTUS, wa watu zaidi ya 4,500 wenye moyo wa rumatiki na mapigo yasiyo na mpangilio, katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini. Wengi wetu tulitarajia rivaroksabani itafua dafu. Dawa za zamani za jamii ya warfarini ndizo zilizookoa maisha zaidi. Kwa hiyo kidonge cha sumu ya panya kitakuwa nasi bado.

Mwaka jana alikuja mwalimu mmoja mstaafu, mwenye vali ya chuma, anataka INR. Ilitoka 1.2. Nikamuuliza lile swali. Akasema anameza dawa yake kila siku bila kukosa, na akatoa pakiti mfukoni kunionyesha: rivaroksabani, aliyoinunua duka la dawa mjini baada ya mpwa wake kumwambia ndiyo ya kisasa na haitaki foleni. Alikuwa ameacha warfarini kwa muda. Alikuja kupima ili aone kama ile mpya inamfaa.

"Mwalimu, INR haiwezi kukwambia lolote kuhusu dawa hii."

"Basi nipimie kile kinachoweza."

"Hatuna. Na hata tungekuwa nacho, hii si dawa ya vali yako."

Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama mpwa wake naye nimwandikie barua. Kwenye karatasi ya majibu niliandika jina la dawa, kiasi chake na saa aliyoimeza asubuhi ile, nikapigia mstari mara mbili, na daktari wake wa moyo nikampata kwa simu mwalimu akiwa bado amekaa dirishani.